Ramani ya uwanja kwenye tableti ya rubani: picha nzuri, ila kinachofaa pesa ni sauti

Jamaa wengi wa anga huku Pwani wameniuliza kuhusu ile programu ya ramani ya uwanja niliyoweka kwenye tableti, ile inayokuonyesha ndege yako ikitembea juu ya mchoro wa uwanja wakati uko chini unatafuta njia, nikaona badala ya kumjibu kila mtu kivyake niandike mara moja nimalize. Jina la programu naliacha, manake ziko kadhaa zinafanya kazi hiihii na mabaya mengine nitakayoyasema ni ya hali ya huku kwetu kuliko ya aliyeitengeneza. Mimi narusha Caravan, ndege ndogo ya injini moja, Malindi ndo nyumbani, Manda, uwanja wa Lamu, karibu kila siku, Mombasa mara kwa mara, Nairobi kukiwa na mgonjwa wa kupeleka au wageni, na mara nyingi niko peke yangu pale mbele. Hilo la kuwa peke yangu mlishike, ndo lenye uamuzi wote wa hii rivyu.

Kwa wasio marubani nieleze kidogo. Uwanja una njia kuu, ile ya kurukia na kutua, na una njia za pembeni za kukutoa maegesho mpaka kule na kukurudisha. Ukiwa chini unaongozwa na mnara kwa redio, wanakuambia pita hapa, kata kule, simama kabla ya njia kuu, na wewe una mchoro wa karatasi juu ya paja, mabango ya pembeni na mistari ya rangi chini. Jua likiwaka hakuna shida. Shida ni masika, Aprili na Mei, mvua inamwagika mistari yote iko chini ya maji, ndege yangu haina waipa kioo cha mbele, kinachosafisha ni upepo wa panka tu na ukiwa unatembea polepole huo upepo hautoshi. Au Nairobi ile miezi ya baridi, Juni mpaka Agosti, unatoka Malindi alfajiri anga safi kabisa nyota zinaonekana, unafika juu kule mawingu yamekaa chini chini na ukungu umelala kwenye majani. Sisi wa pwani ukungu hatuuzoei, kwahiyo siku ukikutana nao ndo siku unatakiwa ujue uwanja kwa kichwa.

Na sio kutishana. Ajali iliyoua watu wengi kuliko zote katika historia ya ndege ilitokea chini, sio angani. Tenerife, 27 Machi 1977, Boeing 747 mbili, moja ya KLM na nyingine ya Pan Am, watu 583. Ukungu uliingia, mnara haukuwa na rada ya kuona ardhini, Pan Am waliambiwa watokee njia ya tatu na walikuwa bado wako juu ya njia kuu wanatafuta hiyo ya tatu ni ipi, huku KLM ameshaanza kukimbia kuruka bila ruhusa. Alafu Milan, uwanja wa Linate, 8 Oktoba 2001, ukungu tena, jeti ndogo ya Citation iliambiwa ifuate njia R5 ikaingia R6, ikatokea mbele ya MD-87, jeti ya abiria ya shirika la SAS, iliyokuwa inaruka. Watu 118. Rada ya ardhini ilikuwa haifanyi kazi na marubani wa Citation walitaja kwenye redio alama waliyoiona chini ambayo mtu wa mnarani hakuijua ni ya wapi. Hii ya Linate inanigusa zaidi manake ile ndege ni saizi yetu, mabawa yake na ya Caravan yanakaribiana kabisa. Sio mambo ya wakubwa peke yao.

Sasa kitu chenyewe. Ukiwasha injini, au ukishatua ukapunguza mwendo, skrini inaacha yenyewe ramani ya angani inafungua mchoro wa uwanja, njia kuu zina rangi yake, njia za pembeni zina herufi zake, na katikati kuna kijindege ndo wewe. Ukisogea kinasogea, ukigeuka ramani inageuka. Kwa upande huu naisifu bila kusita. Mombasa kuna njia kuu mbili na majeti ya watalii yanapita, Nairobi unaweza kupewa herufi nne tano kwa pumzi moja na mtu wa mnarani ana foleni ya kuhudumia, sasa kuona kwa jicho kwamba kona inayofuata ni ile uliyoambiwa kunapunguza mzigo kweli kweli. Unaacha ile kazi ya kuhesabu waliyokuwa nayo Pan Am, hii ni ya pili au ya tatu, na ile nusu njia pale nayo inahesabiwa?

Usahihi wake unatosha ukijua mipaka. GPS ya kawaida ya simu au tableti chini ya anga wazi inakosea kama mita 5, na Caravan kutoka ncha ya bawa mpaka ncha inakaribia mita 16. Maana yake itakuambia uko njia gani, haitakuambia gurudumu liko juu ya mstari au limeshatoka kwenye lami. Wamarekani wana WAAS ya kurekebisha GPS yao, Ulaya wana EGNOS, huku hizo hazitufikii, na juu ya hayo tuko karibu na ikweta ambako tabaka la juu la anga linasumbua mawimbi ya GPS hasa saa za jua kuzama na baada yake. Nimeongeza kipokezi kidogo cha GPS cha nje nimekibandika juu ya dashibodi kinaona anga vizuri, kijindege kimetulia sana kuliko nilipokuwa nategemea GPS ya ndani ya tableti iliyokaa chini gotini. Kama mfuko unaruhusu anzia hapo kabla hujalipia kitu kingine chochote.

Lakini hapa ndo natofautiana na wengi wanaoisifia. Picha inataka macho. Na macho ukiyaleta chini kwenye goti, nje hakuna anayeangalia. Ndege kubwa wako wawili, mmoja anaendesha anatazama nje, mwenzake anafuata ramani anamwambia kaka kona inayokuja kushoto, simama mstari huo. Mimi huyo wa pili sina. Kwahiyo ile saa ambayo naihitaji ramani zaidi, mvua imefunga naona mita mia mbili mbele, ndo saa ambayo siwezi kuinamisha kichwa, manake kuna gari la mizigo linakatiza, kuna mtu wa kuongoza ndege na mwavuli, kuna mbuzi wameingia kupitia uzio, viwanja vyetu mnavijua. Skrini inakupa ukweli wa mahali ulipo na papo hapo inakuibia ukweli wa kilicho mbele yako.

Hili sio wazo langu mimi, NASA walilishika miaka ya 90. Kituo chao cha Ames kule California walitengeneza mfumo wakauita T-NASA, ulikuwa na vitu viwili pamoja: ramani inayotembea kwenye skrini ya chini, na kioo cha mbele ya macho ya rubani kinachochorwa kwa mwanga, ukiangalia nje kupitia hicho kioo unaona koni zimepangwa pembeni mwa njia uliyopewa kama zimesimikwa ardhini kweli, na kona ikifika unaonyeshwa inakoelekea. Walijaribu kwenye mashine za mafunzo alafu mwaka 1997 wakapeleka Boeing 757 yao uwanja wa Atlanta wakajaribu kwa vitendo. Walichokiona ni kwamba ramani peke yake ilipunguza makosa ya kupotea njia, na ukiongeza kile kioo cha juu makosa yanakaribia kuisha, na marubani wanatembea kwa mwendo mzuri bila woga. Kilicholeta tofauti ni kichwa kubaki juu. Sasa baada ya hapo tumeuziwa nini? Nusu ya chini. Airbus A380 ilipoanza kazi Oktoba 2007 ilikuja na ramani ya uwanja ndani ya skrini zake, Boeing 787 nayo ikafuata, kampuni ya Garmin wana ramani yao SafeTaxi kwenye skrini za ndege ndogo, na tableti zikafuata nyuma. Kile kioo cha koni ndege zetu hizi hakijafika, na vioo vya kuangalia mbele vilivyopo bei yake ni ya wenye majeti.

Kesi iliyonifanya nifikiri upya kuhusu picha ni ya Taipei. 31 Oktoba 2000, Singapore Airlines SQ006, 747-400, usiku, kimbunga kinakaribia, mvua na upepo wa kutikisa. Waliruhusiwa kurukia njia 05L, wakageuka wakaingia 05R ambayo sehemu yake ilikuwa imefungwa kwa ukarabati, wakakimbia mpaka kwenye mashine za ujenzi. Kati ya watu 179 walikufa 83. Sasa sikilizeni hili. Ile ndege ilikuwa nayo skrini ya kusaidia mwonekano mbaya, kidude kimekaa mbele ya rubani wanakiita PVD, kinafunguka ndege ikiwa imelingana na mawimbi ya njia sahihi alafu mistari yake inatembea kukuambia vuta huku au huku. Usiku ule hakikufunguka. Hakikufunguka kwa sababu hawakuwa kwenye njia sahihi! Na walikiona hakijafunguka, ripoti ya uchunguzi inaeleza kwamba walikitaja wenyewe kwa wenyewe, lakini mbele yao waliona taa za njia, njia inaonekana, wakaendelea. Yaani chombo kilisema ukweli ila kilisema kwa kunyamaza, na mtu ambaye upepo unampiga, abiria wako nyuma, kimbunga kinamkimbiza, akinyamaziwa hasikii kitu. Mimi nikisoma ile ripoti naona kabisa jinsi gani binadamu yeyote angefanya vilevile, macho yakishaona njia yenye taa yanamaliza kesi.

Ndo nikaja kwenye kipengele ambacho kwenye matangazo yao kimewekwa mwisho mwisho huko, sauti. Ukikaribia njia kuu yoyote programu inakuambia kwenye hedseti kwamba unaikaribia njia fulani, inaitaja kwa namba. Ukiingia inaitaja tena, na kama umeingilia katikati inakutajia na urefu uliobaki. Basi. Haina mapambo. Nahodha wa Lamu akiingia mlangoni usiku hakai anasoma ramani, anamweka kijana omo anapaza sauti mwamba kushoto, maji haba, na yeye mkono uko kwenye usukani macho mbele. Hiki ndo kitu hiki. Unaendelea kuangalia nje, na mtu wa pili uliyekuwa huna anasema sikioni.

Sauti yenyewe sio ngeni, kampuni ya Honeywell waliitoa kwa ndege kubwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa jina la RAAS, ikawa inaongezwa kwenye kile chombo cha kuonya kuhusu ardhi ambacho ndege nyingi zilikuwa nacho tayari. Na uone vile ingefaa: Lexington, Kentucky, 27 Agosti 2006, ndege ya Comair namba 5191 ilitakiwa iruke kutoka njia 22 yenye zaidi ya mita 2,100, ikaingia njia 26 ambayo ni nusu ya hapo, alfajiri giza bado, hakuna ukungu wala mvua ya kusingizia. Walikufa 49, akabaki mmoja, rubani msaidizi. Baada ya uchunguzi bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani, NTSB, mwaka 2007 ikapendekeza mashirika ya ndege yaweke ramani inayotembea au mfumo unaoonya wenyewe ndege ikijaribu kurukia njia isiyo yake. Wameandika "au". Kwa ndege yenye marubani wawili sawa, chagua unachotaka. Kwa mtu aliye peke yake mimi nasema hilo "au" halipo, chukua kinachoonya.

Na msiseme sisi wa Malindi hili halituhusu. Uwanja wetu una njia kuu mbili, moja ndefu na moja fupi. Mchana kila mtu anaijua ipi ni ipi. Alfajiri ya mvua ya masika, mgonjwa yuko nyuma ana dripu, nesi anakuambia Kapteni twende, mtu anaweza kuelekea popote. Kusikia namba ya njia sikioni kabla hujasukuma mkono wa nguvu, ukailinganisha na namba ya dira mbele yako (namba ya njia inatokana na upande wa dira inaoelekea), ni sekunde mbili tu. Nimeifanya kuwa desturi: sauti itaje, dira ikubali, ndo niondoke. Moja ikikataa nasimama.

Kuna mzee mmoja rubani mstaafu hapa Malindi nilipomwonyesha hii programu aliniambia, "Mwanangu, sisi tulitafuta njia Embakasi kwenye ukungu kwa kitu kimoja tu, ukipotea simama, sema nimepotea, usione haya." Nakubaliana naye asilimia mia na wala hiki kifaa hakimpingi. Shida ya kupotea chini ni kwamba mara nyingi mtu hajui kama amepotea, Pan Am walikuwa wanajua hawajaiona ile njia lakini wale wa Linate na Taipei walikuwa wanaamini wako mahali pao. Sauti inakupa sababu ya kusimama kabla hujajua unahitaji kusimama. Hapo mzee alitikisa kichwa akaniomba nimwekee na yeye aisikie.

Sasa mabaya, na sitayapunguza.

La kwanza joto. Watengenezaji wengi wa tableti wanaandika mwisho wa joto la kutumia ni nyuzi 35. Egesha ndege Manda saa saba mchana mwezi wa Februari, milango imefungwa unasubiri wageni wavuke kwa boti kutoka Shela, ukirudi ndani ya ndege humo ni tanuri, tableti imejizima imeandika inahitaji kupoa. Na ikizima sauti nayo imezima. Nimejaribu mfuko wenye feni ndogo nyuma inasaidia kiasi, kinachosaidia zaidi ni kutoiacha ndani ya ndege hata dakika chache, nashuka nayo kivulini. Kingine, miwani ya jua ile ya kukata mwanga ukiinamisha kichwa kidogo skrini inakuwa nyeusi kabisa, vaa ya kawaida. Na vidole vikiwa na maji ya mvua skrini inabonyea yenyewe inafungua kurasa usizotaka, kwahiyo panga kila kitu kabla hujawasha injini alafu usiiguse tena.

La pili ambalo kwangu ni kubwa kuliko joto, ramani haijui kilichofungwa leo. Data za anga dunia nzima zinabadilishwa kwa mzunguko wa siku 28, na wewe lazima uzipakue, na intaneti ya hoteli kule kisiwani inajulikana. Lakini hata ukiwa umepakua jana, njia iliyofungwa asubuhi hii kwa kuziba mashimo skrini inaionyesha safi iko wazi, rangi ileile. Kumbuka SQ006 walikufa kwenye njia iliyofungwa. Notisi za kila siku zisome, ziandike kwa kalamu, na mahali palipofungwa mimi naweka alama nyekundu kwa kidole juu ya mchoro, programu yangu inaruhusu kuchora juu yake. Ningependa sana watengenezaji walifanyie kazi hili, manake skrini inayoonyesha njia iliyofungwa kama iko wazi inamtia mtu moyo pasipostahili.

La tatu, inakuonyesha wewe, haimuonyeshi mwenzio. Ukiwa na kipokezi cha ADS-B, ule mfumo wa ndege kutangaza yenyewe mahali ilipo, utawaona wale wanaojitangaza, lakini ndege ndogo nyingi za huku hazijitangazi, na gari la zimamoto halijitangazi, na hao mbuzi niliowataja. Viwanja vyetu vingi hakuna njia ya pembeni ya kukufikisha mwisho, unatembea juu ya njia kuu yenyewe mpaka ncha alafu unageuka ndo uruke. Dakika zote hizo uko mahali pabaya kabisa kukaa, mvua inanyesha, na skrini inakuonyesha uko peke yako umestarehe. Hapo ni redio tu, sema uko wapi, sema tena, na taa zote ziwake. Na sauti ya programu kwenye hali hiyo imeshasema umeingia njia kuu alafu imenyamaza, haikukumbushi kwamba bado upo. Ingekuwa inarudia kila baada ya muda ningeipa nyota zote.

Na viwanja vya mchanga vya huko juu, vile vya kwenye makambi ya wageni na visiwa, mara nyingi hakuna mchoro kabisa, kuna msitari tu. Ramani haipo, sauti haipo. Kwa Manda yenyewe nisiwadanganye, kazi yake ni ndogo, uwanja wa kuuzoea wiki moja. Ukiwa unaruka Malindi na Manda peke yake hujawahi kwenda kwingine, pesa hiyo nunua hedseti nzuri kwanza.

Kitu kimoja kinachonikera nikisikia vijana wanaongea: hii programu haikupi ruhusa ya kuruka au kutua kwenye mwonekano ulio chini ya kiwango chako. Ni msaada wa kujua ulipo, hata wenye kuitengeneza wanaandika hivyo unapoifungua mara ya kwanza, sio chombo cha kuongozea ndege. Kama kiwango hakijafika kaa chini kunywa chai. Na kama unarusha kibiashara, matumizi ya tableti yapitie kwanza kwenye kitabu cha kampuni na KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Kenya, usije ukaibandika tu kwenye usukani kivyako.

Bei. Malipo ya mwaka ni chini ya tanki moja la mafuta ya Caravan, chini sana, na kwa kitu ambacho kinaweza kukuzuia usikatize mbele ya jeti Mombasa sioni cha kujadili. Picha naipa nyota tatu na nusu kati ya tano, hiyo nusu ni kwa sababu ya Nairobi. Sauti naipa nne na nusu. Mwenye ndege yenye marubani wawili anaweza kugeuza hizo namba na akawa sahihi.

Kuhusu kuiweka, maswali mengi yalikuwa hapo. Sauti inakuja ikiwa imezimwa kwenye mipangilio, iwashe wewe mwenyewe, wengi niliowakuta wanaitumia mwaka mzima hawajawahi kuisikia. Tableti usiiweke gotini, iweke kwenye nguzo ya kioo cha pembeni usawa wa macho karibu kadri inavyowezekana, hakikisha haizibi kuona nje wala haigusi usukani ukivutwa mpaka mwisho. Ramani iweke iangalie mbele unakoelekea, sio kaskazini juu, na ipanue mpaka njia mbili tatu za jirani tu zionekane. Hedseti isiyo na blututhi inahitaji waya wa kuingiza sauti kwenye paneli ya sauti ya ndege, fundi wa avioniki anaweza kukuwekea tundu kama halipo, na mwambie ajaribu injini ikiwa inaunguruma maana chini kwenye hanga kila kitu kinasikika. Sauti ya programu iwe chini kidogo ya redio ili mnara akiongea umsikie yeye kwanza, hiyo jaribuni siku ya jua kabla ya masika kuanza.